Siku Moja Kampala Bila Haraka: Mwongozo Kamili wa Kutembea na Kula

Wageni wengi wanaoingia Kampala kutoka Nairobi, Mwanza, Bukoba au Kigali huwa na siku moja tu ya kupumzika kati ya shughuli iliyowaleta na basi la kurudi. Siku hiyo huharibika kwa kosa moja: orodha ya sehemu kumi zilizotawanyika kila upande wa mji. Saa sita mchana umeona mbili, na muda mwingine wote umeutumia ukiwa umekwama kwenye foleni.

Kampala ni mji wa vilima. Vivutio viko juu, barabara kubwa hukutana mabondeni, na foleni hukaa huko huko mabondeni. Kwa hiyo panga siku kwa kufuata vilima. Asubuhi baki upande wa magharibi, ambako Old Kampala, Namirembe na Mengo vimepakana kiasi cha kutembea kwa miguu. Vuka mji mara moja tu, baada ya chakula cha mchana. Alasiri na jioni malizia upande wa Kamwokya na Ntinda. Mpango huu una sehemu chache kuliko orodha za kawaida, na ndiyo maana unafanikiwa.

Chagua siku, kisha andaa mfuko

Jumapili ndiyo siku nzuri zaidi kwa barabara, na jioni yake kuna ngoma kwenye kituo cha Ndere. Ubaya wake ni kwamba makanisa yana ibada asubuhi na ofisi za Bulange, jengo la bunge la Buganda, zimefungwa, kwa hiyo utaridhika na kuliona jengo kwa nje. Jumanne hadi Alhamisi kila kitu kiko wazi, ila foleni ya jioni ni nzito. Jumamosi makanisa makubwa huwa na harusi. Ijumaa iepuke ukiweza: mchana msikiti mkuu umejaa watu wa swala, na jioni nusu ya mji inakimbilia nyumbani kwa wakati mmoja.

Mkenya na Mnyarwanda wanaruhusiwa kuingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania abebe pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano isiachwe nyumbani. Hata ukiwa mjini tembea na kitambulisho chako, kwa sababu sehemu kadhaa hutoza raia wa Afrika Mashariki kiingilio cha chini kuliko wageni wa mbali, na bila karatasi huwezi kudai bei hiyo.

Upande wa fedha, kwa miaka ya karibuni shilingi moja ya Kenya imekuwa ikibadilishwa kwa takribani shilingi 27 hadi 30 za Uganda, na shilingi moja ya Tanzania kwa takribani 1.4. Badilisha kwenye maduka ya fedha ya katikati ya mji, hasa karibu na Kampala Road, si kwa vijana wa mpakani wanaokuhesabia noti haraka haraka. Ukibeba dola, ziwe noti kubwa na mpya: noti za zamani hukataliwa, na noti ndogo hupewa kiwango cha chini. Kisha vunja pesa mapema. Noti ya 50,000 ni mzigo mkononi mwa mwenye boda au muuza chapati, na "sina chenji" itakuchelewesha kutwa nzima. Anza siku ukiwa na noti za 1,000, 2,000 na 5,000 mfuko wa mbele, na kubwa zikae ndani. Pesa za simu zinatumika sana, ila mitandao yenye mawakala kila kona ni MTN na Airtel. Laini husajiliwa kwa pasipoti.

Nguo nazo zina uzito wake. Siku hii inapita msikitini, kanisani na kwenye uwanja wa ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda. Mwanamke avae gauni au sketi inayovuka magoti na abebe kanga au mtandio. Mwanamume avae suruali ndefu. Viatu viwe vya kuvua upesi na vyenye kushika lami, kwa maana miteremko ya Namirembe huteleza mvua ikinyesha. Mji uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,200, basi jioni ina ubaridi: sweta jepesi linatosha. Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba beba mwavuli hata kama asubuhi jua limewaka.

Kiswahili chako kitafika wapi

Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kifundishwe mashuleni. Mtaani bado Luganda ndicho kinachotawala. Kiswahili utakisikia kwenye ofisi za mabasi, kwa Wasomali wa Kisenyi, kwa Wakongomani, na kwa askari. Hapo penye askari ndipo pana historia: kwa miaka mingi wakazi wengi walikisikia Kiswahili kutoka kwa watu wenye bunduki, na baadhi ya wazee hawajakisahau kisa hicho. Usianze mazungumzo kwa kuuliza "Kiasi gani?" kwa sauti kubwa. Anza na salamu.

Asubuhi sema "Wasuze otya, ssebo" kwa mwanamume na "Wasuze otya, nnyabo" kwa mwanamke. Mchana hadi jioni ni "Osiibye otya". Bei ni "Ssente mmeka?", kuomba kupunguziwa ni "Salako", na kushukuru ni "Weebale". Baada ya maneno hayo, Kiswahili au Kiingereza kitapokelewa kwa uso mwingine kabisa. Habari njema kwetu ni kwamba Luganda kinahesabu saa kama Kiswahili, kuanzia macheo, kwa hiyo "ssaawa bbiri" ni saa mbili ile ile. Lakini mtu akikutajia saa kwa Kiingereza, anahesabu kwa mtindo wa Kizungu. Miadi mingi hupotea hapo.

Saa 1:30 asubuhi: katogo

Anza na katogo, yaani ndizi za matooke zilizopikwa chungu kimoja na kitoweo chake. Cha kawaida ni cha utumbo wa ng'ombe, na pia kuna cha maharage, cha karanga na cha nyama. Ni chakula cha asubuhi hasa. Ukifika saa nne umekuta sufuria limeoshwa. Kwenye hoteli ndogo za Mengo na Old Kampala tenga shilingi 5,000 hadi 10,000 pamoja na chai. Agiza chai kwa kusema wazi unataka ya maziwa au ya rangi, kwani ukisema chai tu unaweza kuletewa maziwa matupu yenye majani. Asiyekula utumbo aseme mapema kabla sahani haijapakuliwa.

Saa 3: Msikiti wa Old Kampala

Hapa ndipo mahali pa kuanzia, kwa sababu ukiwa juu ya mnara unauona mji wote na kuelewa ulivyokaa. Ni msikiti mkuu wa taifa. Ujenzi ulianza enzi za Idi Amin miaka ya 1970, ukasimama kwa miaka mingi, ukakamilishwa kwa fedha za Libya na kufunguliwa rasmi mwaka 2008. Wenyeji wengine bado wanauita wa Gaddafi. Kilima chenyewe ndipo Lugard, afisa Mwingereza, alipojenga ngome yake baada ya kuwasili Desemba 1890. Uislamu, hata hivyo, ulishafika Buganda tangu 1844, wakati wa Kabaka Suuna II, ukiletwa na wafanyabiashara waliotoka pwani.

Utaratibu ni huu: lipa kwenye ofisi ya wageni, upewe mwongozaji, vua viatu mlangoni. Mwanamke asiye na mavazi ya kutosha huazimwa kitambaa na mtandio hapo hapo. Ndani ya ukumbi nusu saa inatosha. Kisha mnara, wenye ngazi zaidi ya 300 zinazozunguka. Panda taratibu, pumzika kwenye madirisha, na usibebe mkoba mkubwa kwa sababu njia ni nyembamba. Mwenye shida ya magoti au kizunguzungu abaki uani, na asione haya.

Juu, mwombe mwongozaji akuonyeshe vilima kimoja kimoja: Namirembe na kanisa lake la matofali, Lubaga, Mengo, Kibuli na msikiti wake, Nakasero yenye majengo marefu, na bondeni zile stendi za teksi zilizojaa magari meupe. Kariri njia ya kutoka hapo ulipo hadi Namirembe na Mengo. Ndiyo utakayotembea. Piga picha za mji upendavyo, ila ukirudi chini usielekeze kamera kwa askari, kambi, bunge wala ikulu ya rais.

Saa 4:30: Namirembe, kisha mteremko wa Mengo

Kutoka msikitini hadi Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, Namirembe, ni mwendo wa takribani dakika ishirini kwa miguu, kushuka kidogo na kupanda. Kanisa lililotangulia liliteketea kwa radi mwaka 1910. Hili la matofali lilijengwa kati ya 1915 na 1919. Angalia ngoma kubwa, kwa kuwa hapa waumini huitwa kwa ngoma, kisha zunguka hadi makaburini. Yumo Askofu Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885, na Dakta Albert Cook, aliyeanzisha Hospitali ya Mengo mwaka 1897, ile ile iliyo kwenye ubavu wa kilima hiki. Kama kuna ibada au harusi, kaa bustanini na usubiri. Usipite katikati ya watu ukipiga picha.

Shuka sasa kuelekea Bulange, jengo la bunge la Buganda, lililojengwa miaka ya 1950. Siku za kazi unaweza kuomba kuzungushwa kwa kulipia. Mbele yake inaanza barabara ya Kabakanjagala, iliyonyooka kutoka Bulange hadi lango la ikulu ya Lubiri. Itembee yote kwa miguu, maana ukipita kwa boda hutaona kitu. Kandoni zimesimama sanamu za miziro, yaani wanyama na mimea ambayo ni alama za koo za Buganda: simba, chui, samaki, uyoga na wengineo. Muulize mwenyeji yeyote mziro wake ni upi, na mazungumzo yatakuja yenyewe, kwa sababu Muganda hali mziro wake wala haoi ndani ya ukoo wake. Katikati ya barabara kuna mzunguko wenye lango linalofungwa. Magari yote huuzunguka, na Kabaka peke yake hupita moja kwa moja.

Ndani ya Lubiri ni lazima uwe na mwongozaji. Jengo la ikulu halifunguliwi kwa wageni, lakini utaonyeshwa uwanja, na simulizi ya Mei 1966, wakati jeshi la Rais Obote likiongozwa na Amin lilipoivamia ikulu na Kabaka Muteesa II akakimbilia uhamishoni Uingereza. Kisha utapelekwa kwenye vyumba vya zege chini ya ardhi, vilivyojengwa miaka ya 1970 kuwa ghala la silaha, vikageuzwa gereza na mahali pa mateso. Ni mahali pazito. Mwenye watoto wadogo awaache juu na mtu mzima mmoja. Kwa msomaji Mtanzania, hapa historia ya Aprili 1979, majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda walipoingia Kampala, inapata ukuta na sakafu. Mpe mwongozaji asante yake mkononi kabla hamjaagana. Shilingi 5,000 hadi 10,000 inapokelewa vizuri.

Saa 7 kasoro: luwombo

Chakula cha mchana kiliwe upande huu huu wa Mengo, na kiwe luwombo. Hiki ndicho chakula cha heshima cha Buganda, na hakiharakishwi. Jani changa la mgomba hupitishwa juu ya moto hadi lilegee, mshipa wake mnene hupunguzwa kwa kisu lisije likapasuka, kisha huwekwa kuku, nyama ya ng'ombe iliyobanikwa kidogo, uyoga au samaki mkavu, mara nyingi pamoja na mchuzi wa karanga. Hufungwa kwa kamba ya mgomba na kupikwa kwa mvuke kwa saa kadhaa. Kwa kuwa hupikwa asubuhi kwa idadi maalum, kufika saa tisa ni kuukosa, hasa wa kuku. Piga simu au pita asubuhi uwekewe.

Sasa jambo linalowachanganya wageni wote: namna ya kuagiza. Uganda "chakula" ni zile wanga: matooke, ugali unaoitwa posho, wali, viazi vitamu, muhogo, magimbi, kalo ya ulezi. Kitoweo huitwa "sosi". Unachochagua na kulipia ni sosi, na chakula huja nayo, mara nyingi aina tatu nne kwenye sahani moja. Ukisema "niletee chakula" bila kutaja sosi, mhudumu atabaki amekusimamia. Ukitaka aina moja tu, sema "matooke peke yake". La sivyo utapata mlima unaokushinda, na kuacha sahani nusu hakupendezi.

Luwombo hufunguliwa mezani mbele yako. Jani haliliwi. Matooke iliwe ingali moto, kwani ikipoa inakauka na kuwa ngumu, na hapo ndipo mgeni husema haina ladha. Chovya kwenye karanga, ongeza nakati au dodo, zile mboga za majani. Kwenye mkahawa wa kawaida tenga shilingi 15,000 hadi 30,000 kwa mtu. Kunywa munanansi, kinywaji cha nanasi na tangawizi, au juisi ya pasheni. Kama ni Novemba au Desemba, omba na kisahani cha nsenene, wale panzi wanaoliwa, waliokaangwa kwa kitunguu. Wakikaangwa vizuri, wanastahili kujaribiwa.

Kwa Mwislamu: nguruwe analiwa sana Kampala, na kwenye majiko ya muchomo (nyama choma) ya barabarani wakati mwingine nyama zote hupita wavu mmoja. Jina lake ni embizzi. Uliza kabla ya kukaa.

Saa 9: kuvuka mji

Huu ndio mvuko mmoja wa siku, na una muda wake. Kati ya saa 8 na saa 10 alasiri barabara huwa na nafuu. Ukisubiri hadi saa 11, safari ya Mengo hadi Kamwokya inaweza kula saa nzima na zaidi.

Una njia tatu. Boda ndiyo ya haraka. Ita kwa programu ya simu ili bei ijulikane, dai kofia ngumu na uifunge kidevuni. Ukichukua ya kijiweni, patana kabla hujapanda, na taja alama ya karibu na uendako, sio jina la barabara. Boda moja abiria mmoja, hata dereva akikuhakikishia kuwa watatu mnaenea. Njia ya pili ni gari la kukodi, ambalo hapa huitwa spesho. Kwa familia au wakati wa mvua ndilo la kuchukua. Ya tatu ni teksi, na hapa jihadhari: Kampala teksi ni ile ambayo kwetu ni daladala au matatu, gari jeupe lenye mistari ya miraba ya buluu. Nauli yake ni ndogo sana, ila itakupeleka kwanza stendi kuu mjini, ubadilishe, na huko umati ni mkubwa. Shika simu ndani, hasa ukikaa dirishani. Kushuka, sema "Maaso awo, ssebo".

Jumba la Makumbusho, Kira Road

Makumbusho haya yalianza 1908 kwenye ngome ya Lugard, kilima kile ulichopanda asubuhi, na yako kwenye jengo la sasa tangu 1954. Usijilazimishe kusoma kila kabati. Nenda moja kwa moja kwenye ala za muziki: ngoma, zeze, malimba, vinubi na pembe kutoka kila upande wa Uganda, zilizopangwa kwa namna ya kupigwa. Kisha toka uani, kwenye nyumba za asili zilizojengwa kwa mitindo ya makabila mbalimbali, uingie moja moja na kulinganisha milango, jiko na mahali pa kulala. Saa moja na nusu inatosha kabla ya kufungwa.

Baada ya hapo pumzika kweli. Mtaa wa Kisementi uko karibu, una mikahawa yenye kahawa ya Uganda yenyewe, arabika ya milima ya Elgon. Kaa nusu saa. Angalia juu ya miti uwaone kalooli, wale korongo wakubwa wenye vipara. Usikae chini yao.

Jioni: chagua moja

Jumapili jibu ni moja, Ndere, upande wa Ntinda na Kisaasi. Onyesho huanza kama saa 12 jioni, na kuna chakula cha kujipakulia. Thibitisha ratiba kwa simu siku hiyo, kisha fika mapema upate kiti cha mbele. Utaona bakisimba ya Baganda, larakaraka ya Waacholi, na ekitaguriro ya Wanyankole wakiinua mikono mfano wa pembe za ng'ombe wao. Mtangazaji hueleza kila ngoma kabla haijaanza. Vaa sweta, ni nje.

Siku nyingine nenda Wandegeya, karibu na Chuo Kikuu cha Makerere, kwa chakula cha usiku cha mtaani. Kuna kuku wa kuzungushwa kwenye jiko la kioo, mishikaki, gonja (ndizi tamu) ya kuchoma na rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai. Rolex huagizwa kwa hesabu: chapati ngapi, mayai mangapi. Moja kwa mawili ndicho kipimo kizuri. Simama uone mayai yakipasuliwa mbele yako, yakikorogwa na kitunguu, kabichi na nyanya, yakakaangwa, chapati ikalazwa juu, ikageuzwa, ikaviringishwa. Chagua mpishi anayesukuma chapati wakati huo huo. Chapati iliyolala hupasuka ikikunjwa, na mafuta yake hukwaruza koo. Tumbo likiwa jepesi, mwambie asiweke nyanya mbichi, na chumvi aipunguze. Tenga shilingi 2,000 hadi 4,000.

Anayetaka ziwa aende Ggaba badala ya makumbusho, si baada yake. Ngege (sato) mzima wa kukaanga huchukua karibu saa moja kuandaliwa, kwa hiyo mchague kwa macho, patana bei kulingana na ukubwa, lipa kiasi kidogo cha awali, kisha ndiyo utembee ufukweni. Ondoka kabla giza halijashika barabara.

Kurudi malazini usiku ita spesho au boda kwa programu ukiwa bado ndani ya mkahawa, linganisha namba ya gari na iliyo kwenye simu, na uwe na chenji kamili. Kama basi lako ni la alfajiri, mwambie dereva huyo huyo muda wa kukuchukua, na mtaje saa kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, zote mbili.